Mpanda farasi, chagua umbali unaokufaa

WATU wengi wakisikia habari za mbio za farasi hufikiria uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ambapo farasi hukimbia kwa dakika chache mbele ya watazamaji na mshindi akajulikana papo hapo. Kuna mchezo mwingine wa farasi usiofanana na huo hata kidogo. Katika mchezo huu mpandaji na farasi wake huondoka alfajiri, hupita misituni, milimani na mitoni, na huenda wakarudi usiku wa manane. Huitwa mbio za ustahimilivu, na umbali wake hufikia maili 100, yaani kilomita 160, kwa siku moja.

Somo letu la wiki hii linahusu swali ambalo huwasumbua wengi wanaoupenda mchezo huo. Je, ni lazima mtu aende maili 50 au 100 ndipo mchezo uufae mwili wake na kumfurahisha? Jibu ni la. Kwa wapandaji wengi, na kwa farasi wengi, umbali mfupi ndio wenye faida kubwa zaidi kiafya na ndio unaowawezesha kuendelea na mchezo kwa miaka mingi. Tutaeleza sababu zake kwa kuangalia mwili wa farasi, mwili wa mpandaji na kanuni za mchezo wenyewe. Msomaji ambaye hajawahi kupanda farasi asifunge ukurasa, kwa maana mengi ya haya yanamhusu pia mtu anayekimbia au kutembea kwa ajili ya afya yake.

Chanzo cha mchezo

Mchezo huu kwa sura yake ya kisasa ulianza nchini Marekani. Mwaka 1955, Wendell Robie wa mji wa Auburn, jimbo la California, aliondoka karibu na ziwa Tahoe pamoja na wenzake wachache, wakaivuka milima ya Sierra Nevada hadi Auburn. Walitaka kuthibitisha kwamba farasi wa zama hizi bado aliweza kwenda maili 100 kwa siku moja. Waliweza, na safari hiyo ikawa mashindano yanayojulikana kama Tevis Cup. Anayefika katika muda wa saa 24, huku farasi wake akiwa mzima, hutunukiwa bizimu ya fedha ya kuvaa kwenye mshipi.

Hilo si jambo jepesi. Katika mashindano hayo si ajabu karibu nusu ya walioanza wakakosa kufika mwisho. Wengine huondolewa kwa sababu farasi anachechemea, wengine kwa sababu farasi amechoka kupita kiasi, na wengine kwa kuwa muda umewapita. Mwaka 1973 mpandaji mmoja, Gordy Ainsleigh, aliondolewa baada ya farasi wake kuchechemea. Mwaka uliofuata, 1974, alirudi bila farasi. Aliifuata njia ile ile kwa miguu yake na kuimaliza kwa muda wa saa 23 na dakika 42. Kutokana na kitendo hicho zilizaliwa mbio za watu za maili 100 za Western States, ambazo hukimbiwa mpaka leo. Msomaji anaweza kukisia jinsi njia hiyo ilivyo ngumu, ikiwa mwanadamu aliyezoea kukimbia huichukulia muda unaokaribia ule wa mwenye farasi.

Mwaka 1972 kiliundwa chama cha kusimamia mchezo huu nchini humo, American Endurance Ride Conference, au kwa kifupi AERC. Kauli mbiu yake ni kwamba kumaliza ni kushinda. Maneno hayo yana uzito, na tutayarejelea.

Umbali mfupi ni upi?

Kwa mujibu wa kanuni za AERC, mbio za ustahimilivu kamili ni zile za kuanzia maili 50, yaani kilomita 80, kwenda juu. Chini ya hapo kuna daraja la pekee la maili 25 hadi 35, sawa na kilomita 40 hadi 56. Vilevile kuna safari za utangulizi zisizofika maili 25, ambazo huandaliwa kwa ajili ya wanaoanza. Nchini Uingereza nako kuna safari fupi za kujifurahisha, pamoja na safari ambazo washiriki hawashindani kufika kwanza. Katika hizo, kila mmoja hupewa daraja kwa kutazama mwendo wake pamoja na mapigo ya moyo wa farasi wake.

Muda wa mwisho wa kumaliza maili 25 ni saa 6. Maili 50 hupewa saa 12, na maili 100 hupewa saa 24. Muda huo unajumuisha mapumziko ya lazima ya njiani. Tupige hesabu. Kilomita 40 kwa saa 6 ni chini ya kilomita 7 kwa kila saa. Farasi anayetembea bila haraka huenda kilomita 6 hivi kwa saa. Maana yake ni kwamba mpandaji wa masafa mafupi anaweza kutembeza farasi wake sehemu kubwa ya njia, akamwendesha matiti pale ardhi inaporuhusu, na bado akamaliza kwa wakati. Matiti ni ule mwendo wa kudundadunda ulio kati ya kutembea na kukimbia kwa shoti.

Moyo wa farasi ndio hakimu

Jambo linaloutofautisha mchezo huu na michezo mingine ni kwamba daktari wa mifugo ana sauti kuliko mpandaji. Kabla ya safari, katikati na mwishoni, farasi hukaguliwa. Akionekana hafai kuendelea, safari yake huishia hapo, hata kama mwenyewe analia.

Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akienda matiti kwa muda, mapigo hupanda na mara nyingi huwa kati ya 120 na 150. Akisimamishwa, akiondolewa tandiko na kumwagiwa maji, moyo hushuka. Farasi aliyezoezwa vyema hushuka chini ya 60 katika dakika chache. Farasi aliyechoka, aliyepungukiwa na maji mwilini au mwenye maumivu yaliyojificha huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu madaktari huutegemea sana moyo: huwaambia lile ambalo farasi hawezi kulisema kwa mdomo.

Daktari huangalia mengine pia. Huubonyeza ufizi kwa kidole na kutazama damu inarudi upesi kiasi gani. Kwa kawaida haipaswi kuzidi sekunde 2. Huifinya ngozi ya shingo au bega kuona kama inarudi haraka mahali pake. Husikiliza tumbo pande zote mbili, kwa maana tumbo lililonyamaza ni dalili mbaya. Hatimaye farasi huendeshwa matiti kwa mkono, kwenda na kurudi, ili ijulikane kama anachechemea.

Katika daraja la masafa mafupi la AERC kuna kanuni moja yenye hekima. Farasi sharti mapigo yake yashuke hadi 60 katika muda wa dakika 30 baada ya kufika. Isitoshe, saa haisimamishwi anapovuka mstari bali mapigo yanapofika 60. Tuseme mpandaji wa kwanza amewasili saa 6 kamili mchana akiwa amemkimbiza farasi wake, na moyo ukachukua dakika 20 kushuka. Wa pili amewasili saa 6 na dakika 10, baada ya kutembea kilomita ya mwisho, na moyo ukashuka kwa dakika 4. Wa kwanza ataandikiwa saa 6 na dakika 20, na wa pili saa 6 na dakika 14. Aliyekwenda pole ndiye aliyetangulia. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mwenda pole hajikwai.

Jasho la farasi si kama letu

Farasi hupoza mwili wake kwa jasho kama mwanadamu, lakini kwa wingi mno. Wakati wa joto, akifanya kazi, anaweza kupoteza lita 10 za jasho au zaidi kwa saa moja. Jasho letu wanadamu lina chumvi chache kuliko damu. Tunapotoka jasho, damu inayobaki huzidi kuwa na chumvi, na ubongo hutuamuru tunywe maji. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, kiasi cha damu yenyewe au zaidi. Anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, kwa hivyo ubongo wake huchelewa kupata ile ishara ya kiu. Farasi anaweza kuwa amepungukiwa na maji hatari, na bado akapita penye mto bila kunywa.

Mambo yanayofuata ni mabaya. Damu huwa nzito. Mwili huielekeza kwenye misuli na ngozi, na matumbo hupata kidogo. Hapo ndipo farasi huweza kupatwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao huua. Misuli yake pia inaweza kukakamaa na kuharibika, na mabaki yake yakadhuru figo. Mkojo wa rangi nyeusi au kahawia baada ya kazi ngumu ni dalili ya kuita daktari bila kuchelewa.

Hatari hizo zipo katika umbali wowote, lakini huongezeka kadiri saa zinavyozidi. Farasi wa maili 25 hufika mwisho akiwa ametoka jasho kwa muda wa saa 4 au 5. Anaweza kufidia sehemu kubwa ya alichopoteza kwa kunywa maji, kula majani mabichi au makavu na kupewa chumvi. Farasi wa maili 100 hudaiwa na mwili wake mchana kutwa na usiku pia, na deni hilo haliwezi kulipwa lote njiani.

Mwili wa mpandaji

Wako wanaodhani kwamba mpandaji hukaa tu huku farasi akifanya kazi yote. Anayedhani hivyo na ajaribu kwenda matiti kwa dakika kumi. Katika mwendo huo mpandaji huinuka na kuketi kufuata hatua za farasi, mara 70 hadi 80 kwa dakika. Kwa muda wa saa moja ni zaidi ya mara 4,000. Anayeenda maili 25 na kutumia saa 2 za matiti atainuka zaidi ya mara 8,000. Mapaja, kiuno, misuli ya tumbo na ile ya mgongo hufanya kazi bila kukoma, na moyo nao hupiga kwa nguvu. Haya ni mazoezi mazuri sana ya mwili, na yanatosha kwa mtu anayetaka afya.

Anayeenda maili 100 huongeza hesabu hiyo mara nne na zaidi. Magoti huvimba, ngozi ya mapaja huchubuka na kiuno hukaza. Mpandaji husahau kula na kunywa kwa sababu mawazo yake yote yako kwa farasi na njia. Hapo hupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa kichwa, ambazo ni dalili za upungufu wa maji mwilini. Mtu aliyechoka huchelewa kuamua, na anayechelewa kuamua akiwa juu ya farasi kwenye kijia cha mlimani huenda akaanguka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Uchovu wa mpandaji humwingia farasi. Mtu aliyechoka huegemea upande mmoja. Badala ya kuinuka kwa wepesi, hujibwaga kwenye tandiko kama gunia. Uzito huo ulioegemea upande mmoja huuchubua mgongo wa farasi na kuulazimisha mguu wa upande ule kubeba zaidi. Kuchechemea kunakoonekana kwenye kituo cha mwisho huenda kulianza pale ambapo kiuno cha mpandaji kilichoka, kilomita 20 nyuma. Kwa hivyo anayepima umbali unaomfaa asiulize tu farasi wake anaweza kwenda wapi. Ajiulize pia yeye mwenyewe anaweza kuketi vizuri kwa muda wa saa ngapi.

Mifupa na kano huchelewa

Farasi akianza mazoezi, moyo, mapafu na misuli yake huimarika kwa miezi michache tu. Kano na mifupa huhitaji muda mrefu zaidi, mwaka mmoja na hata miaka kadhaa. Huu ni mtego. Baada ya miezi minne mwenye farasi humwona mnyama wake ana nguvu, hahemi sana, anataka kukimbia. Anadhani yuko tayari kwa safari kubwa, kumbe miguu bado haijaufikia uwezo wa moyo.

Kanuni za AERC zinalizingatia jambo hili. Farasi hukubaliwa katika masafa mafupi akiwa na umri wa miezi 48 au zaidi, lakini haruhusiwi kuingia maili 50 kabla ya miezi 60. Hata kwa farasi mkubwa, msimu mmoja au miwili ya masafa mafupi kwa mwendo wa polepole hujenga miguu itakayodumu. Wapandaji wengi pia hufuata desturi ya kumpumzisha farasi siku moja kwa kila maili 10 alizokwenda. Aliyekwenda maili 25 hupumzika siku mbili au tatu, na aliyekwenda 100 hupumzika siku kumi. Mwenye farasi mmoja na kazi ya ofisi wiki nzima ataona mwenyewe ni ratiba ipi anaweza kuishi nayo.

Umbali mfupi si ruhusa ya kukimbiza

Ni kosa kufikiri kwamba kilomita 40 ni salama kwa kuwa ni chache. Farasi mwenye nguvu anaweza kuzikimbia kwa kasi kubwa, na kasi huumiza kuliko umbali. Kila hatua ya kasi huutwisha mguu uzito zaidi, na joto la mwili hupanda haraka kuliko jasho linavyoweza kulipunguza.

Jambo hili limezua mjadala mkubwa ulimwenguni. Katika nchi za Ghuba, mbio za ustahimilivu hufanyika sana kwenye mchanga ulio tambarare, na farasi huenda kwa kasi ambayo haiwezekani milimani. Mwezi Machi 2015, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilisimamisha uanachama wa chama cha Falme za Kiarabu kwa sababu ya wasiwasi kuhusu hali ya farasi. Uanachama huo ulirejeshwa katika mwezi wa Julai mwaka huo huo baada ya makubaliano, kisha ukasimamishwa tena mwaka 2020. Funzo kwa mpandaji wa kawaida ni kwamba kupunguza umbali bila kupunguza mwendo ni sawa na kubadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Je, ni kukwepa?

Pamoja na faida hizi zote, wako wapandaji wanaoona haya kuchagua maili 25. Wanaogopa kuambiwa kwamba hawajafanya mchezo wenyewe. Hofu hiyo haikuzuka bure. Kanuni hulitenganisha daraja hilo na mbio za ustahimilivu kamili, na maili zake huwekwa katika kumbukumbu za kando. Basi mtu hujisukuma kuingia maili 50 kabla ya wakati, si kwa kuwa yeye na farasi wake wanataka bali kwa sababu ya macho ya watu. Anayelipa gharama ya fahari hiyo mara nyingi ni farasi, ambaye hakuulizwa.

Tuirejelee ile kauli mbiu kwamba kumaliza ni kushinda. Kumaliza katika mchezo huu si kuvuka mstari tu. Ni kuvuka mstari na farasi ambaye daktari anasema angeweza kuendelea. Aliyekwenda kilomita 40 na kupita ukaguzi huo ametimiza masharti yote aliyowekewa. Aliyefika kilomita 70 kati ya 80 akaondolewa amekwenda mbali zaidi, lakini hakumaliza.

Kuhusu furaha, mpandaji wa masafa mafupi ana mambo ambayo yule wa maili 100 huyakosa. Anaweza kuzungumza na mwenzake njiani. Anaweza kusimama kwenye kijito akamwachia farasi hatamu anywe apendavyo. Anafika mchana, anamwosha farasi wake kungali na mwanga, anampapasa miguu yote minne kutafuta joto au uvimbe, kisha anakula na wenzake. Jumatatu anakwenda kazini bila kuburura mguu. Jumamosi inayofuata yeye na farasi wote wawili watakuwa na hamu ya kutoka tena.

Namna ya kuchagua

Iwapo wewe au jamaa yako mnafikiria kuingia katika mchezo huu, popote mlipo, zingatieni haya:

1. Hesabu siku ulizo nazo za mazoezi. Anayeweza kumpanda farasi mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa anaweza kumwandaa vyema kwa maili 25 za mwendo wa wastani. Kama huna nafasi hiyo, anza na safari za utangulizi.

2. Muone daktari wako kwanza ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya mgongo au mifupa iliyodhoofika. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari wazi kwamba anataka kupanda farasi, kwa sababu kuanguka kunaweza kumletea madhara makubwa kuliko mwingine.

3. Vaa kofia ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda farasi, na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye na kunaswa kwenye kikuku cha tandiko.

4. Jifunze kuyahesabu mapigo ya moyo wa farasi wako nyumbani, akiwa ametulia. Andika idadi kwa siku kadhaa. Ukishaijua hali yake ya kawaida, utatambua mapema siku ambayo mambo si ya kawaida.

5. Kunywa maji kidogo kidogo njiani na ule kitu chenye chumvi. Mpe farasi nafasi ya kunywa katika kila penye maji, hata kama alikataa mara ya kwanza.

6. Tembea kwa miguu kando ya farasi kwenye mteremko mkali na katika kilomita ya mwisho. Utaunyoosha mgongo wako, nao moyo wake utafika kituoni umeshaanza kushuka.

7. Usiongeze umbali na kasi kwa wakati mmoja. Ongeza kimoja, kisha subiri kwa majuma kadhaa kabla ya kuongeza kingine.

8. Ongeza umbali kwa sababu wewe na farasi mmemaliza safari kadhaa na mkabaki na nguvu. Usiongeze kwa sababu rafiki ameongeza. Na ukiona umbali mfupi unakutosha miaka yote, baki nao.

Kwa msomaji wa mjini asiye na farasi, somo ni lile lile. Mbio kubwa za jijini Nairobi huwa na kilomita 42, 21 na 10, na kila mwaka wapo wanaoingia umbali mrefu bila matayarisho, kisha wakaacha mazoezi kabisa kwa sababu ya goti au mgongo. Moyo na mapafu yako nayo huimarika kabla ya kano na mifupa. Umbali unaokufaa ni ule ambao, baada ya kuumaliza na kupumzika siku mbili, mwili wako unakubali kuurudia.

Hata hivyo, mkimbiaji ana nafuu moja ambayo mpanda farasi hana. Goti likimuuma, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujua, na anaweza kusimama. Farasi atakwenda muda mrefu akiwa na maumivu kwa kuwa aliye mgongoni amemwambia twende. Kwa hivyo anayechagua umbali anachagua kwa niaba ya wawili, na inafaa apime kwa yule aliye dhaifu zaidi siku hiyo, awe ni farasi au awe ni yeye mwenyewe.